Nigeria ina makombe 10 au 12? Jibu kwa mwalimu wa chemsha bongo

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro na ninasimamia klabu ya michezo shuleni. Hivi karibuni tulifanya chemsha bongo, na swali mojawapo lilikuwa: Nigeria imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake mara ngapi? Binti wa kidato cha pili alijibu 10. Kijana wa kidato cha tatu akajibu 12. Kwenye karatasi yangu ya majibu nilikuwa nimeandika 11, namba niliyoinakili zamani. Tukafungua simu, tukakuta kila mahali pana namba yake. Ubishi ukahamia kwingine: kwamba Guinea ya Ikweta ilinyang'anywa makombe yake, kwamba kombe la 2020 halijulikani nani alilichukua, na kwamba Nigeria inaitwa bingwa wa 2024 wakati fainali tuliitazama 2025. Niliona aibu mbele ya wanafunzi. Naomba unieleze taratibu: namba sahihi ni ipi, na kwa nini zinatofautiana? Na alama nimpe nani?"*

Mwalimu, kwanza ondoa hiyo aibu. Binti yako yuko sahihi. Kijana wako naye yuko sahihi, ila amejibu swali lililo jirani na lile ulilouliza. Hata 11 yako hukuibuni: ilikuwa hesabu halali kwa namna anayohesabu kijana, mpaka usiku wa tarehe 26 Julai 2025, Nigeria ilipoongeza moja mjini Rabat. Hapo karatasi yako ikawa imepitwa na wakati.

Jibu fupi ni hili. Ukihesabu mashindano yaliyokusanya timu katika nchi moja mwenyeji, yaani kuanzia 1998, Nigeria ina makombe 10. Ukianza na 1991, ina ubingwa wa Afrika mara 12. Tofauti ni mbili tu, 1991 na 1995, na ndizo zinazowagombanisha watu kwenye simu.

Mwaka 1991 Kombe la Dunia la Wanawake lilichezwa kwa mara ya kwanza, nchini China, na timu zilikuwa 12. Afrika ilipewa nafasi moja. Hatukuwa na mashindano ya bara ya kumpata mwakilishi, kwa hiyo zikapangwa mechi za mchujo za nyumbani na ugenini. Hapakuwa na nchi mwenyeji wala makundi. Timu inacheza kwake, inasafiri kwa mpinzani, mabao yanajumlishwa, anayezidiwa anatoka. Baadhi ya nchi zilijiandikisha kisha zikajitoa kabla ya kugusa mpira, jambo lililoendelea kuuandama mpira wa wanawake Afrika kwa miaka mingi: nauli haipo, kambi haipo, shirikisho halioni sababu ya kutoa fedha. Mwishoni walibaki Nigeria na Kameruni. Nigeria ikashinda 2–0 nyumbani na 4–0 ugenini, ikaenda China. Huko ilifungwa mechi zote tatu bila kupata bao, na Ujerumani, Italia na Taiwan.

Mwaka 1995 mambo yakawa vilevile. Nafasi moja, nyumbani na ugenini, wengine wakajitoa. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Afrika Kusini, iliyokuwa imerudi michezoni miaka michache tu nyuma yake baada ya kufungiwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Nigeria ilishinda kwa jumla ya mabao 11–2.

Sasa jiulize: mshindi wa mechi zile ni bingwa wa Afrika, au ni timu iliyofuzu Kombe la Dunia? Wapo waandishi wa kumbukumbu wanaosema ni bingwa, kwa sababu ilibaki timu moja baada ya kuwashinda wengine barani. Wapo wanaosema zile zilikuwa mechi za kufuzu tu, kama ambavyo hakuna anayehesabu mechi za kufuzu za wanaume kuwa ni kombe. Kila kundi lina sababu zake. Kosa linatokea pale mtu anapoandika namba bila kusema ameanzia wapi kuhesabu. Mwingine anainakili, wa tatu anaichanganya na ya kwake, na mwisho inafika kwenye karatasi ya mwalimu Morogoro ikiwa haina mwanzo wala asili.

Kilichobadilika 1998 ni nafasi. Kombe la Dunia la 1999 liliongezwa kutoka timu 12 hadi 16, na Afrika ikapata nafasi mbili. CAF, shirikisho la soka Afrika, ikaandaa mashindano kamili: mwenyeji mmoja, Nigeria, timu zinafika, zinagawanywa kwenye makundi, kisha nusu fainali na fainali. Fainali ilichezwa Abeokuta, Nigeria 2–0 Ghana, na hao wawili wakaenda Marekani mwaka uliofuata. Jirani zetu wa Kongo, ile ya Kinshasa, walimaliza wa tatu kwa mikwaju ya penalti mbele ya Kameruni, jambo ambalo Waafrika Mashariki wengi hawalijui.

Kuna hoja nyingine utakayokutana nayo, nayo ikatae kabisa. Wapo wanaosema kombe hili limeanza 2016, kwa kuwa jina la Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake lilianza kutumika wakati huo. Kabla ya hapo liliitwa Ubingwa wa Afrika wa Wanawake. CAF ilibadilisha jina mwaka 2015, na mashindano yakabaki yaleyale. Mtu akibadilisha jina, watoto aliozaa kabla hawafutiki.

Mimi nasimama upande wa 10, na CAF ilipotangaza ushindi wa 2025 iliuita wa 10. Nigeria wenyewe waliipa safari ile ya Moroko alama ya X, namba 10 ya Kirumi, maana yake walijua wanalifuata kombe la 10. Lakini siikubali tabia ya kuandika 10 kisha kunyamaza juu ya 1991 na 1995. Wale wanawake walicheza. Walisafiri, wakafunga mabao, wakabeba jina la bara zima kwenda China wakati mashirikisho mengi hayakuwa na hata timu ya kupeleka. Ndiyo maana kwenye kaunta buku ninayowekea kumbukumbu zangu, ukurasa wa Nigeria una mistari 12, na kati ya mstari wa pili na wa tatu nimepiga msitari mnene wa kalamu nyekundu. Juu ya msitari nimeandika "mchujo". Chini yake, "kombe".

Chini ya msitari huo, mwalimu, kuna michuano 13 mpaka sasa, na washindi ni watatu tu. Nigeria ilianza kwa kuchukua mara tano mfululizo: 1998, 2000, 2002, 2004 na 2006. Fainali ya 2000 ndiyo yenye simulizi chungu. Ilichezwa Boksburg, Afrika Kusini, wenyeji wenyewe wakiwa fainali. Nigeria ilipofunga bao la pili, mashabiki walioamini halikuwa halali walianza kurusha vitu uwanjani, na mechi ikavunjika dakika ya 73. Haikumalizika tena. Matokeo ya 2–0 yakathibitishwa na Nigeria ikapewa kombe. Mwanafunzi akikuuliza kama kuna fainali ambayo haikufika dakika 90, ni hiyo. Mwaka 2004 hukohuko Afrika Kusini, Perpetua Nkwocha peke yake alifunga mabao manne katika fainali ya 5–0 dhidi ya Kameruni. Mtu anayetaka kujua Nigeria ya miaka ile ilikuwaje aanze na jina hilo, maana Nkwocha alikuja kuwa mchezaji bora wa Afrika mara nne.

Kisha ikaja 2008, na hapa tuingie kwenye swali la Guinea ya Ikweta.

Si kweli kwamba ilinyang'anywa makombe. Guinea ya Ikweta ilikuwa mwenyeji 2008 na 2012, na mara zote mbili ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Afrika Kusini fainali, 2–1 mara ya kwanza na 4–0 mara ya pili. Makombe hayo mawili yapo kwenye orodha mpaka leo. Uvumi ulizaliwa na mambo ya kweli ya pembeni. Timu ile ilijaa wachezaji waliozaliwa Brazili wakapewa uraia, na nchi nyingine zililalamika sana. Iliondolewa kwenye mchujo wa Olimpiki ya 2012 kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili, na baadaye FIFA ikaizuia kuwania Kombe la Dunia la 2019 kwa kosa la namna hiyohiyo. Wakenya wana kidonda chao hapa: mwaka 2018 Guinea ya Ikweta iliondolewa michuanoni na Harambee Starlets wakaambiwa wajiandae kwenda Ghana, kisha rufaa ikakubaliwa na Kenya ikarudishwa nyumbani siku chache kabla ya mashindano. Kwa hiyo wanafunzi wako wamechanganya kuondolewa kwenye mchujo na kunyang'anywa ubingwa. Yalikuwepo pia maneno kuhusu miili ya baadhi ya wachezaji. Naomba hayo usiyaruhusu darasani kabisa, kwani yamewaumiza wasichana wengi waliokuwa na nguvu na kasi tu.

Nigeria ilirudi na kuchukua 2010, 2014, 2016 na 2018. Ile ya 2018 ilikuwa nyembamba mno: dakika 120 bila bao dhidi ya Afrika Kusini mjini Accra, kisha penalti 4–3.

Kombe la 2020 halikuchukuliwa na mtu yeyote. Kongo Brazzaville iliyopangwa kuwa mwenyeji ilijitoa, halafu ugonjwa wa korona ukaingia na CAF ikafuta michuano. Haikuahirishwa, ilifutwa. Kwenye orodha hapo pana pengo, na ukurasa wowote unaokuonyesha bingwa wa 2020 uache mara moja.

Kuhusu 2024 kuchezwa 2025, sababu ni kalenda. Julai na Agosti 2024 kulikuwa na Olimpiki ya Paris, ikakosekana nafasi, na CAF ikasogeza michuano hadi Julai 2025 huku jina la mwaka likibaki lilelile. Kwa hiyo "bingwa wa 2024" na "fainali ya Julai 2025" ni kitu kimoja. Mwanafunzi akiandika mwaka wowote kati ya hiyo miwili, mimi ningempa alama, ilimradi asiihesabu kuwa ni makombe mawili. Nimewahi kuona orodha iliyofanya hivyo, ikampa Nigeria kombe ambalo halipo.

Katikati ya hapo, 2022, ndipo palipotokea jambo lililonigusa kuliko yote niliyoyaandika kwenye ile kaunta buku. Afrika Kusini ilikuwa imefika mwisho na kupoteza 1995, 2000, 2008, 2012 na 2018. Mara tano. Rabat, mbele ya uwanja uliofurika Wamoroko, Hildah Magaia akafunga mara mbili, Rosella Ayane akarudisha moja, na kipyenga kikalia 2–1. Kocha alikuwa Desiree Ellis, mwanamke aliyewahi kuwa nahodha wa timu hiyohiyo. Miaka ile alipokuwa anacheza, kombe lilikuwa la Nigeria kila lilipochezwa. Mwaka huo Nigeria ilitolewa nusu fainali na Moroko kwa penalti, ikiwa imebaki na wachezaji tisa uwanjani.

Miaka mitatu baadaye Moroko ilirudi fainali, kwake tena, na mpaka mapumziko ilikuwa mbele 2–0, mabao ya Ghizlane Chebbak na Sanaa Mssoudy. Nilitazama mechi ile kwa jirani, sebule imejaa, na mama mwenye nyumba alikuwa ameanza kukusanya vikombe vya chai akiamini imeisha. Esther Okoronkwo akafunga penalti. Dakika chache baadaye akampa pasi Folashade Ijamilusi, mbili kwa mbili. Kisha Moroko wakapewa penalti, mwamuzi akaitwa kwenye runinga ya pembeni ya uwanja, akatazama, akaifuta. Dakika ya 88 Okoronkwo akapiga mpira wa adhabu, Jennifer Echegini akaumalizia wavuni. Mama alisimama na sinia mkononi mpaka filimbi ya mwisho. Hilo ndilo la 10, au la 12, ukipenda kuanzia juu ya msitari mwekundu.

Kwa nini Nigeria? Hukuuliza moja kwa moja, lakini wanafunzi watauliza. Nigeria iliwahi. Ilikuwa na klabu za wanawake na mashindano ya ndani wakati nchi nyingi barani zilikuwa bado zinabishana kama wanawake waruhusiwe kucheza. Klabu kama Rivers Angels, Delta Queens, Bayelsa Queens na Pelican Stars zimelea kizazi baada ya kizazi, na Asisat Oshoala alipita Rivers Angels kabla ya kwenda Ulaya. Ongeza wingi wa watu, na ongeza ukweli kwamba katika miaka ya mwanzo wapinzani wengi hawakuwa wakicheza mechi za kutosha. Timu isiyokutana miezi 20 haiwezi kuishinda inayocheza ligi. Ndiyo maana makombe mengi ya Nigeria yako mwanzoni mwa orodha, na ya hivi karibuni yanapatikana kwa penalti au kwa bao la dakika za mwisho. Moroko imeweka fedha kwenye ligi ya wanawake, na ndani ya muda mfupi imecheza fainali mbili mfululizo. Sioni uchawi wowote hapo. Ni mechi, mishahara na viwanja.

Sisi tuko wapi? Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walicheza michuano hii kwa mara ya kwanza 2010 wakapoteza mechi zote tatu. Kenya ilipita 2016, Burundi na Uganda 2022. Twiga Stars waliporudi, Julai 2025, walitoka sare 1–1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, bao la Opa Clement. Hawakuvuka kundi, lakini mwambie binti yako wa kidato cha pili kuhusu bao hilo. Kenya na Tanzania zote zikafuzu pia michuano ya 2026.

Na hesabu ya namna hii ipo hata kwetu. Orodha ya mabingwa wa wanawake wa CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, inaanza na Zanzibar, 1986, kisha kimya cha miaka 30 mpaka Jinja 2016, Tanzania ilipoifunga Kenya 2–1. Tanzania ikachukua tena Kigali 2018, Kenya ikaja kutufunga 2–0 hapahapa Dar es Salaam 2019, Uganda ikachukua 2022, na 2025 kombe likarudi kwetu. Watu wengi huanzia 2016 na kuwaacha Wazanzibari nje. Mimi nawahesabu. Tena 2021 Twiga Stars walialikwa kwenye COSAFA, mashindano ya kusini mwa Afrika, wakaifunga Malawi 1–0 fainali. Wageni, na kombe wakaondoka nalo. Ni ubingwa halali, ila ukiutaja taja na jina la shindano, usiseme tu "mabingwa".

Kwa chemsha bongo ijayo, andika swali lako hivi: "Kuanzia 1998, Nigeria imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake mara ngapi?" Maneno mawili ya mwanzo yanamaliza ubishi wote. Weka pia tarehe juu ya karatasi ya majibu, ili atakayeirithi ajue ilikuwa kweli lini.

Kwa shughuli ya darasani, haya niliyokuandikia yanatosha. Lakini ukitaka kuchapisha kijitabu cha shule, au wanafunzi wakitaka kuandika historia ya timu ya wanawake ya mkoa wenu, simu haitakusaidia na mimi pia sitatosha. Hapo panda basi. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ombeni magazeti ya zamani mfungue kurasa za michezo kwa mikono yenu. Ofisi za TFF, shirikisho la soka nchini, ziko Karume, Ilala. Andikeni barua ya shule kabla ya kwenda. Na kabla ya yote hayo, ulizeni hapo mtaani kwenu. Karibu kila mji una mama aliyewahi kucheza miaka ambayo hakuna gazeti lililotuma mwandishi. Mkimpata, nendeni na daftari, mwombeni ruhusa kwanza, andikeni majina na miaka, kisha mlinganishe na mwingine aliyekuwepo, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mmoja nayo huchanganya miaka.

Alama: mpe binti alama kamili, maana swali lilitaja kombe. Kijana mwulize mbele ya wenzake amepata wapi zile mbili za ziada. Akitaja 1991 na 1995, mpe kamili naye. Akishindwa, mpe wiki moja akazitafute, kisha aje awaeleze darasa zima.